Mbona hawacheki? Majibu kuhusu picha ya danguro

Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec, "Au Salon de la rue des Moulins" (yaani "Sebuleni, mtaa wa Moulins") ya mwaka 1894: wanawake wa danguro moja la Paris wamekaa kwenye makochi ya mahameli nyekundu, wanangoja wateja. Maswali yalimiminika. Najibu haya matano.

*Mwalimu, nimeitazama mpaka macho yakauma. Makahaba gani hawa, hawacheki wala hawarembui? (Msomaji, Morogoro)*

Hebu hesabu wanaume waliomo. Hakuna hata mmoja. Mteja hajaingia, sasa wamchekee nani? Mtazame yule wa mbele: mguu mmoja ameukunja juu ya kochi, ameushika kwa mkono, na macho yamekwenda mbali, kama mtu aliyekaa benchi la zahanati tangu alfajiri na jina lake bado halijaitwa. Wamekaa karibu karibu lakini hakuna anayesema na mwenzake. Kati yao yupo mmoja aliyekaa wima, gauni limemfunika hadi shingoni. Wengi humchukulia kuwa ndiye mama mwenye nyumba, na hata usipoambiwa utamhisi, maana wenzake wote wamelegea.

Wachoraji wengi wangekuonyesha danguro usiku limechangamka, mvinyo na vicheko. Huyu amechagua saa ambayo biashara imedoda. Na mahali uliposimama wewe kuitazama ndipo angesimama mteja akiingia. Wamekuona, hawajajisumbua.

*Huyo si alikuwa mteja tu, sanaa anaisingizia? (Baba Zuhura, Mombasa)*

Mteja alikuwa, tena hakuficha. Kaswende aliipata, pombe nayo ikammaliza. Alifariki 1901 akiwa na miaka 36. Alizaliwa Albi, mji wa kusini mwa Ufaransa, mwaka 1864 katika ukoo wa makabaila waliooana wenyewe kwa wenyewe: bibi zake wawili, mzaa baba na mzaa mama, walikuwa ndugu. Alipokuwa na miaka 13 alivunjika paja, mwaka uliofuata akavunjika la pili, miguu ikagoma kukua. Akabaki na urefu wa kama mita moja na nusu.

Katika madanguro hayo alikuwa akihamia kabisa, siku kadhaa kwa mpigo, analala humo na kula nao. Ndiyo maana aliona ambayo mteja wa nusu saa hayaoni. Amewachora wakicheza karata, amewachora wamelala fofofo, amemchora hata dobi aliyeleta nguo. Simtakasi, Baba Zuhura. Mlango ule aliuingia kwa pesa zake, na wale wanawake hawakuwa na nafasi ya kumwambia leo usituchore. Ila sioni dharau katika mkono wake.

*Na serikali ilikuwa wapi? (Msomaji, Kigoma)*

Mlangoni. Nyumba hizo zilikuwa halali. Polisi waliwaandikisha wanawake kwenye daftari, na daktari aliwapima mara kwa mara kwa hofu ya kaswende. Mwanamume aliyeingia na kutoka hakupimwa na mtu. Mwaka uleule wa 1894 Lautrec alichora wanawake wawili kwenye foleni ya kipimo hicho, wamepandisha shimizi kiunoni, wametulia kama watu waliokwisha zoea. Picha hiyo iko Washington, National Gallery of Art. Sheria ya kuyafunga madanguro ya Ufaransa ilikuja Aprili 1946.

*Mbona wengine walichora wanawake uchi wa mnyama na wakasifiwa? (Dada wa Nakuru)*

Walijua kutafuta kisingizio. Mwaka 1863 Alexandre Cabanel alimchora mungu wa kike Venus amejinyoosha juu ya mawimbi, vitoto vyenye mabawa vikimzunguka, na mfalme Napoleon III akainunua. Miaka miwili baadaye Édouard Manet akaonyesha "Olympia": kitanda, mtumishi ameshika maua yaliyoletwa, na mwanamke anayekukazia macho. Akatukanwa mji mzima. Uchi ulikuwa uleule, ila huyu wa pili alikuwa na bei.

*Nimeipenda. Naweza kuitundika sebuleni? Mama mkwe anakuja Idi. (Msomaji, Tanga)*

Tundika, ila ijue kwanza. Ile halisi, iliyoko kwenye makumbusho ya Lautrec kule Albi, ina upana wa zaidi ya mita moja na robo, kwa hiyo chapa ndogo itakuficha mengi. Tatizo lako liko ukingoni kulia: yupo mmoja amesimama, shimizi ameipandisha. Mwambie fundi wa fremu ale sentimita chache upande huo. Lautrec mwenyewe amekwisha mkata nusu.