Mguu wa kushoto wa Karani

Mwanangu,

Ujumbe wako umefika, na ile ratiba ya ibada ya kumuaga Mwalimu uliyoituma kwa simu ya mdogo wako nimesomewa mara mbili. Mara ya tatu nilivaa miwani nikaisoma mwenyewe. Umeniuliza swali moja tu: Mwalimu alikuwa rafiki yangu au mwajiri wangu? Unasema pale walipoandika "saisi wake mwaminifu kwa miaka 31 atasema machache", yaani mimi mtunza farasi wake, pamekuchoma, kwamba mwaminifu ni sifa ya mbwa, na kwamba nikikujibu "rafiki" utawapigia jamaa zake wabadilishe kabla hawajachapisha.

Siku tatu nimekaa na swali lako. Mama yako anasema nijibu neno moja nikakamue ng'ombe. Nimejaribu, mama, neno moja halitoki.

Nianze na lile ambalo hakuna atakayelisema kanisani. Mwalimu hakuwa mpanda farasi hodari. Alikuwa na mikono mizuri sana, myepesi, hatamu ukiishika baada yake unakuta haina hasira. Lakini miguu yake ilikuwa inacheza kwenye vikuku vya kukanyagia, na akikaribia kizuizi cha juu cha kuruka alikuwa anashusha macho, na farasi anajua ukishusha macho. Kabla ya kila raundi alitapika nyuma ya lori. Kila raundi, toka mwaka 1981 nilipoanza kazi kwake hadi nilipostaafu. Anajifuta mdomo, ananipa kitambaa, anapanda. Wale wengine pale uwanja wa mashindano wa Jamhuri, Nairobi, walikuwa na farasi wanne, watano, na watu wa kuwafundisha kutoka ng'ambo. Yeye alikuwa anafundisha darasa la nne Jumatatu hadi Ijumaa, na farasi mmoja. Alikuwa mtu wa utepe wa kijani, mshindi wa nne. Tulikuwa na sanduku zima la kijani.

Na alipendwa kuliko waliokuwa wakimshinda. Kwa nini, sijui vizuri. Labda kwa sababu alipoangusha mti wa kizuizi, zile pointi nne za adhabu, alikuwa anatoka uwanjani akimpigapiga farasi wake Karani shingoni kana kwamba wameshinda. Masaisi wote walimpigia makofi, hata wa matajiri. Nilikuwa naona fahari, sikufichi.

Kiswahili chake unakijua. Amezaliwa Molo, amezeeka Karen, na ngeli hazikumwingia hata siku moja: mguu yake, farasi yangu, maji baridi mingi. Wewe ukiwa darasa la tatu ulikuwa unamsahihisha, naye anakushukuru kwa dhati, kesho anarudia yale yale. Lakini usisahau nawe ulijifunza herufi kwenye uwanja wake wa mchanga, zile zilizopakwa kwenye madebe, A, K, E, H, C, M, B, F, jinsi farasi anavyozunguka. Siku ya kwanza shuleni ukaambiwa nini kinafuata A, ukasema K, nikaitwa mimi.

Basi. Nilikuwa nakwenda wapi? Mwaka 1996.

Unajua kwamba nilimkuta kukhu wako, mama yangu, hai. Kila mtu nyumbani anajua, ndiyo hadithi yangu, nilifika Jumamosi alfajiri, akanishika mkono, akaniuliza kama nimekula, na Jumapili jioni akaenda. Usilolijua, na mama yako amelijua juzi tu, ni kwa nini nilifika Jumamosi na si Jumanne.

Wiki ile Mwalimu alikuwa amefuzu kwa fainali, kwa mara ya kwanza. Karani alikuwa na miaka kumi na miwili. Tulimtoa kwenye mbio za Ngong mwaka 1989, ana miaka mitano, hataki mtu amguse masikio, anamtazama kila mtu kwa juu ya pua kama karani wa chifu, ndipo masaisi wakampa jina. Miaka saba tulimjenga. Alhamisi tulikwenda Jamhuri kutembea njia ya vizuizi kwa miguu, mimi na Mwalimu, tukihesabu. Hatua nne zetu ni hatua moja ya farasi, unatoa mbili za kutua na mbili za kurukia, kinachobaki ndicho kinachokuambia umwache akimbie au umzuie. Mimi nahesabu kwa sauti, yeye anaandika kwenye kiganja. Mashindano yalikuwa ya kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, Jumatatu ya kurudisha vitu.

Alhamisi hiyo hiyo jioni habari ya kukhu ikanifikia. Nikamwendea Mwalimu, nikamwambia mama yangu ni mgonjwa, nataka kwenda Kakamega. Akaniuliza, mgonjwa sana? Nikasema sijui, nimeambiwa tu nije. Akanyamaza kitambo. Akasema, "Ngoja Jumatatu. Tafadhali." Alisema tafadhali. Nikasema sawa. Usiku ule sikulala, na sikuwa nasali, mwanangu. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena.

Saa kumi na moja asubuhi nikaingia kwa Karani. Unajua kanuni yangu, mkono kwanza, macho baadaye. Hata taa siwashi. Unaanzia kwenye goti, unateremsha kiganja nyuma ya mguu taratibu hadi kwenye kwato, halafu mguu wa pili, unalinganisha, ukitafuta joto la jeraha. Macho yanaona yanachotaka. Mkono haudanganyi. Nimekwambia hivyo hata kwa mambo ya ndoa.

Mguu wa mbele wa kushoto, kwenye kano, chini kidogo ya katikati, kulikuwa na joto.

Nikarudia. Joto. Nikaenda wa kulia, baridi. Nikarudi. Nikachukua mpira wa maji nikaumwagia maji baridi, kama saisi yeyote angefanya, ndipo nikaenda kugonga dirisha. Mwalimu akaja na koti lake jeusi la mashindano juu ya nguo za kulalia. Akainama, akashika. Akashika tena. Akasema, "Mimi hapana sikia kitu. Wewe nasikia?"

Nikasema nasikia.

Akasimama akinitazama usoni, kulikuwa kumeanza kupambazuka. Akasema, "Basi." Akavua lile koti akalitundika kwenye msumari wa hatamu, akaenda kupiga simu kuondoa jina lake. Hakumtembeza hata hatua kumi kuona kama anachechemea. Saa tano akaja daktari wa mifugo, akambonyeza, akamkunja mguu, akamkimbiza kwenye changarawe, akasema farasi huyu ni mzima, angeweza kuruka leo. Mwalimu akamlipa, akamshukuru. Saa moja jioni akanipa nauli ndani ya bahasha ya shule, akasema, "Enda ona mama." Nikapanda basi la usiku.

Sasa niambie wewe uliyesoma uuguzi. Maji baridi yanaondoa joto, hilo nalijua. Kano linaweza kuwa na joto asubuhi na saa tano likawa limetulia, na ukimrusha hivyo hivyo kizuizi cha mita moja na sentimita ishirini, farasi amekwisha. Nimeyaona kwa farasi wa watu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Naam. Lakini pia mkono ni wa mtu. Mkono uliotoka kitandani bila usingizi, wenye hasira, unaotaka kwenda Kakamega, unasikia nini? Sikusema uongo. Hili nakuapia. Nilisikia joto. Ila miaka yote hii kila ninaposema mkono haudanganyi, na nalisema sana, mnanicheka, kuna kitu ndani yangu kinaniuliza, hata ule?

Mwaka uliofuata ikaja El Niño. Unaikumbuka kwa sababu ya paa letu. Mimi naikumbuka kwa visubi. Mvua ile isiyokatika iliwazaa kama moshi, na visubi ndio wanaoleta ugonjwa wa farasi. Pundamilia wa mbugani pale jirani wanaweza kuubeba damuni na kuendelea kula majani kama hakuna jambo. Tulikuwa tunawafungia farasi kabla jua halijazama, tumewachanja, na bado. Karani aliamka mashimo ya juu ya macho yamevimba, jioni povu jeupe linamtoka puani, kabla ya usiku wa manane akalala. Mwalimu alikaa chini kwenye majani na kile kichwa mapajani. Sitaki kusimulia zaidi ya hapo.

Mwalimu hakufuzu tena. Alipanda farasi wengine, wazuri tu, akaruka vizuizi vya chini na watoto aliowafundisha mwenyewe, akitapika bado, hadi miaka sabini na kitu. Fainali ilikuwa ile moja.

Sasa ona linalonisumbua. Siku zote nimejiambia kwamba Mwalimu aliuamini mkono wangu kuliko wake, na kuliko daktari, na hapo ndipo neno lile la kwenye ratiba linageuka, maana mwaminifu wananiita mimi, na aliyeamini ni yeye. Nilikuwa nimeridhika na hilo. Halafu nikizeeka nikaanza kufikiri, huenda hakuamini hata kidogo. Huenda alinitazama usoni pale alfajiri akaona mtu asiyelala, akajua, akakumbuka alivyosema ngoja Jumatatu, akaona mama ni mama. Akanipa mguu wa Karani niwe na pa kushikia. Kama ni hivyo, alifanya jambo kubwa zaidi au dogo zaidi? Na kwa nini alisema ngoja, kwanza? Rafiki angesema ngoja? Mwajiri angesema basi?

Mwaka jana nilipokwenda kumwona, yuko kitandani, amekuwa mdogo kama mtoto, nilitaka kumuuliza. Nikaanza, "Mwalimu, ule mguu wa Karani..." Akafumbua jicho moja. "Mguu gani? Karani alikuwa na mguu nne." Akacheka hadi nesi akaja. Sikuuliza tena.

Habari ya karo yako ya kidato cha kwanza, ile aliyotukopesha Mwalimu, usiichanganye humu. Ile ilirudi shilingi kwa shilingi, mama yako anayo daftari.

Kwa hiyo neno lao liache kwanza lilivyo. Nina neno langu la kuweka pale, liko karibu kabisa na ulimi, lakini nikilisema litakuwa la mtu aliyefaidika na asubuhi ile, na mtu wa namna hiyo si shahidi mzuri. Ukiwapigia, waambie tu kwamba picha waliyoweka ukurasa wa kwanza si ya mwaka 1995 kama walivyoandika, ni Alhamisi ile ya 1996, ndiyo maana ana maandishi kiganjani, na mkono unaoonekana pembeni umeshika kofia yake ni wangu. Na waambie nitasema kwa dakika tano, kwa Kiswahili.

Nitapanda basi Ijumaa asubuhi. Usininunulie viatu. Nitakuja na vile vya kahawia, nitavipiga rangi mwenyewe.

Baba yako