Kikundi cha Kusoma Kinataka Sufuria Moja

Ukisikia kikundi cha kusoma vitabu kimekufa katika mji mdogo, usihangaike kuuliza walikuwa wanasoma nini. Uliza walikuwa wanakula nini.

Hapa Tukuyu tulianza watu wachache: mwalimu wa sekondari, nesi mstaafu, fundi cherehani, kijana wa bodaboda anayependa riwaya kuliko mpira, na mimi. Tulikubaliana kuzunguka nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba atuwekee chochote mezani. Wa kwanza akatoa chai na magimbi. Wa pili, mtu mwenye uwezo na mkono wazi, akapika pilau na kuku wawili. Tukala, tukasifu mpaka tukazidisha. Zamu iliyofuata ilikuwa ya fundi cherehani, naye siku ilipofika akatuma ujumbe kwamba mtoto anaumwa. Baadaye ukaja udhuru mwingine. Mtoto mwenyewe nilimwona karibu na stendi anakimbizana na wenzake. Kilichokuwa kinaumwa ni mfuko.

Nesi ndiye aliyeliona hilo upesi kuliko sisi wote. Hakuitisha kikao wala hakutoa hotuba. Alikwenda kwa fundi na gauni la kupunguza kiunoni, na katika maongezi akamwambia, "Mwanangu, Jumamosi tunakuja kusomea hapa hapa kwako. Ndizi nakuja nazo mimi. Wewe bandika maji tu."

"Mama, na hivi vitambaa vya watu?"

"Tutavisogeza."

Tangu hapo sheria yetu ni sufuria moja, na nyama hapana. Kila mtu analeta kilichopo shambani kwake au kilicho rahisi sokoni: huyu ndizi, yule maharage, mwingine maparachichi. Wilaya ya Rungwe haijatunyima vitu hivyo. Anayetaka kuonyesha ufundi wa pilau asubiri harusi. Ushauri huu nauweka mbele ya mengine yote, kwa sababu watu wa vijijini na miji midogo hatusemi "sina". Tunasema mtoto anaumwa, halafu tunaacha kuja, na mwenzako anabaki anadhani umemchukia.

Kumenyea ndizi mbichi kwenye chumba cha kushonea kuna shida yake. Utomvu wa ndizi ukigusa kitambaa cheupe, doa lile halitoki hata ufue na nini. Nesi hupaka mafuta ya kula viganjani na kwenye kisu kabla ya kumenya, utomvu usigande. Sasa mikono ya mafuta nayo ni adui wa kitabu. Kwa hiyo tumegawana kazi: anayesoma hali wala hamenyi, na anayemenya hagusi kitabu. Wakibadilishana, kuna beseni na sabuni pale mlangoni. Karanga za kukaanga tulizipiga marufuku kabisa, chumvi na maganda viliingia hadi katikati ya kurasa.

Tunasoma kwa sauti, na hilo ni la lazima zaidi kuliko mapenzi. Mara nyingi kitabu tunacho kimoja, tena kimetoka Mbeya mjini, kilomita 70 hivi kutoka hapa, kikisafirishwa na mtu aliyekwenda kwa shughuli zake. Mvua ya Tukuyu nayo mnaijua. Ikianza kupiga bati, hata mwalimu aliyezoea darasa la watoto wengi hasikiki. Zamani tulikuwa tunapigizana kelele. Siku hizi mvua ikianza, kitabu kinafungwa, sufuria inafunguliwa.

Hapo ndipo urafiki wenyewe ulipo. Tulipokuwa tunasoma *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1971, tulifika pale baba mlevi anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Mwalimu akauliza maswali yake ya kimwalimu, hakuna aliyejibu la maana. Baadaye, chakula kikiwa tayari, kijana wa bodaboda alikuwa ameinama anamenya parachichi, akasema bila kumtazama mtu, "Mzee wangu alikuwa hivi hivi." Akaendelea kusimulia kwa muda mrefu. Sidhani kama angeyasema akiwa amekaa kitini tumemkodolea macho. Mpe mtu kazi ya mikono, mdomo utafunguka wenyewe.

Ila lililosemwa kwenye sufuria libaki hapo. Mji huu neno likitoka saa kumi, saa kumi na moja liko sokoni. Aliyewahi kulitoa nje tulimwambia waziwazi, tena nesi ndiye aliyemwambia, na hakurudia.

Watu huniuliza: vipi wale wanaokuja kula tu? Waacheni wale. Jirani mmoja wa fundi alikuwa anakuja kwa ajili ya maharage, anakaa kwenye kona na mtoto mgongoni. Siku moja mwalimu alichanganya wahusika wawili, yule mama akamsahihisha, na alikuwa sahihi. Msiweke faini kwa asiyesoma, na msianzishe mchango wa kila mwezi. Pesa ikishaingia mtakuwa kikoba, na vikoba tunavyo vya kutosha.

Kwa wenzangu wa Njombe, Makambako na Mafinga mnaotaka kuanza: ndizi zenu si nyingi kama zetu, lakini viazi mviringo mnavyo, vichemsheni na maganda yake, kila mtu atajimenyea. Mwezi wa sita na wa saba baridi yenu haina mzaha, hivyo anzeni saa nane mchana jiko la mkaa likiwa nje, msije mkalewa hewa yake ya sumu. Ikifika saa kumi na mbili hakuna atakayesikiliza sura ya pili, kila mtu anawaza blanketi lake.