Wazee waliondoka kwa sababu ya makato, si kwa sababu ya macho yako

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa huku Mbozi. Mwezi wa nne nilihudhuria semina ya siku mbili Mbeya mjini. Mwezeshaji alitueleza kwamba katika mawasiliano maneno ni asilimia 7 tu, sauti asilimia 38 na mwili asilimia 55. Tangu hapo nimejizoeza kusimama wima, viganja wazi, na kumkazia mtu macho ninapoongea naye. Kwenye mkutano wa wanachama nilisoma taarifa hivi: "Malipo ya pili yatafanyika baada ya makato ya kawaida kuzingatiwa." Wazee wawili wakanyanyuka wakaondoka, na sasa kijijini inasemwa tunawaibia. Sijamwibia mtu. Nifanye mazoezi gani mengine ya mwili ili waniamini?

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Mwili wako hauna tatizo, uache upumzike. Nafundisha stadi za mawasiliano hapa Iringa mwaka wa 17 huu, na tangu hizo asilimia zianze kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, haipiti wiki bila mtu kuniletea: mwalimu wa sekondari, mchungaji, muuguzi, afisa mikopo. Wote wanauliza habari za mikono na macho. Wewe angalau umeniandikia na sentensi uliyoitamka, nami nitaifikia.

Kwanza tuzimalize hizo asilimia. Zilitoka kwa Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1967 yeye na wenzake walichapisha majaribio mawili. Katika moja, watu walisikilizishwa neno mojamoja lililorekodiwa, mengine ya upendo, mengine ya karaha, kila moja kwa sauti tofauti. Katika jingine neno lilikuwa moja tu, neno la Kiingereza lenye maana ya "labda", likisikika huku msikilizaji akitazama picha ya uso. Swali lilikuwa: huyu anayesema, anampenda anayeambiwa au hampendi? Basi, hilo tu. Mehrabian akaunganisha matokeo, ndipo zikapatikana 7, 38 na 55.

Sasa angalia. Hiyo 55 ni ya uso kwenye picha. Mikono haikuwemo, kusimama wima hakukuwemo, na hakuna mtu aliyesoma taarifa ya fedha. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu hisia za kupenda na kutopenda, na haifai kutumiwa kwa kila mazungumzo. Mwezeshaji wako alichukua kipimo cha neno "labda" akakipeleka kwenye malipo ya kahawa.

Mimi ni Mhehe. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda msibani Tukuyu, nikakaa karibu na wazee waliokuwa wakizungumza Kinyakyusa, lugha nisiyoijua zaidi ya salamu na "ndaga". Nyuso zao niliziona vizuri, sauti nilizisikia, vidole vikinyooshwa kuelekea mgombani. Nikajiambia hapa kuna ugomvi wa shamba. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba wanapangana nani aende kuleta ndizi za kupikia wageni. Kwa hesabu ya semina yako nilikuwa na asilimia 93 ya mazungumzo yale. Ukweli ni kwamba nilikuwa na makosa matupu.

Hayo macho nayo ndiyo yananikera zaidi, kwa sababu yanafundishwa kana kwamba hatuna kwetu. Kiswahili chenyewe kina msemo wa mtu mwenye "macho makavu", na hakuna anayesifiwa kwa kuwa nayo. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke alimkwepa baba mkwe wake hata asikutane naye macho, na hiyo ilikuwa heshima kubwa. Kwetu Iringa kijana anayemsalimu mzee "kamwene" huinamisha kichwa kidogo. Halafu wewe, mtu wa umri wa watoto wao, unasimama mbele ya wazee wako na kuwakazia macho huku ukitaja kukatwa kwa fedha zao. Ulidhani unaonyesha uaminifu. Wao huenda waliona ukaidi, ingawa si hilo lililowaondoa.

Na wala macho hayamfichui mwongo. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi ambamo watu walitakiwa kutambua nani anadanganya kwa kumtazama na kumsikiliza tu. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila 100. Ukirusha shilingi juu utapatia 50. Kwa hiyo anayekuuzia ishara za mwili zinazoonyesha mtu mkweli anakuuzia kitu ambacho yeye mwenyewe hana.

Sasa sentensi yako. "Makato ya kawaida kuzingatiwa." Isome kama mzee aliyeanza kuchuma kahawa wewe hujazaliwa. Nani anakata? Hayumo. Anakata kiasi gani? Hakimo. Ya kawaida kwa nani? Lugha yetu ina uwezo huu wa kumficha mtendaji: yamekatwa, imeamuliwa, itazingatiwa. Ofisi zimezoea kuandika hivyo, na wengi wetu tumefundishwa kuwa ndiyo lugha rasmi. Lakini mtu ambaye fedha yake ndiyo inakatwa anasikia kwamba kuna mkono, na mwenye mkono hataki kuonekana.

Mwaka huohuo wa 1967, mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice alitoa mihadhara Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu mazungumzo ya kawaida ya watu. Alisema tunategemeana katika mambo manne: kusema yanayotosha, kusema tunayojua ni kweli, kusema yanayohusu, na kusema kwa uwazi. Akaonyesha pia kwamba jambo likipungua pale lilipotarajiwa, msikilizaji hakai na pengo. Analijaza mwenyewe. Wazee wako hawakukuzushia. Uliwaachia pengo la ukubwa wa malipo ya pili, wakalijaza kwa sababu ya kwanza inayomjia mkulima yeyote wa zao la biashara.

Nenda kwao nyumbani, usingoje mkutano mwingine. Mwache mwenyeji amalize salamu zake. Kisha sema kwa mtindo huu, tarakimu utaweka zako: "Mzee, msimu huu umeleta kilo 640. Malipo ya awali ulishapokea. Kwenye malipo ya pili mimi na mhasibu tutakata vitu vitatu: deni la mbolea (ile mifuko minne uliyosainia mwenyewe), ushuru wa chama (kama tulivyopitisha kwenye mkutano mkuu), na usafiri mpaka ghalani. Kila kimoja kimeandikwa hapa. Kinachobaki ni hiki." Mwachie karatasi. Kama kuna kato ambalo huwezi kulitaja mbele yake kwa jina na kiasi, hilo si suala la mawasiliano tena, lipeleke kwenye bodi kabla hujafungua mdomo.

Halafu usimwulize, "Mzee, umeelewa?" Atajibu ndiyo, kwa adabu. Nilikuwa zahanati moja Kilolo nikiwanoa wauguzi, akaja mama na mtoto anayekohoa. Muuguzi, binti mpole kabisa, akampa dawa ya maji: "Kijiko kimoja kutwa mara tatu. Umeelewa mama?" "Ndiyo." Nikamwomba mama atuonyeshe akifika nyumbani atafanyaje. Akatueleza kwamba atampa asubuhi, mchana na jioni, sawasawa kabisa, kisha akaonyesha kwa vidole ukubwa wa kijiko: kile cha kula wali. Muuguzi alikuwa na kile kidogo cha chai kichwani mwake. Sauti ilikuwa nzuri, uso ulikuwa na tabasamu, na mtoto angekunywa karibu mara tatu ya kipimo. Mwombe mzee akuhesabie yeye atapata ngapi na kwa nini. Mlipotofautiana patajitokeza hapohapo.

Nisingekujibu kwa ukali huu kama mambo yangeishia kwenye AMCOS. Semina za namna hii sasa zinauzwa kama "siri za ushawishi": iga mkao wa mteja, mfanye aseme ndiyo mara tatu, mshike bega, mtaje jina lake kila mara. Nimekaa na wanawake sokoni waliochukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa inayomkamua mkopaji. Mmoja alinieleza jinsi yule kijana wa mikopo alivyokuwa mchangamfu, alivyokaa naye kwenye kigoda kilekile cha kuuzia nyanya, alivyomwita "mama yangu" na kumsifia biashara. Riba hakuitaja. Muda wa kulipa aliutaja akiwa ameshasimama, anaaga. Mama yule aliweka dole gumba kwenye fomu ambayo hakusomewa, akaja kuijua riba siku alipochukuliwa friji.

Kijana yule alikuwa amefuzu kila kitu unachojifunza wewe kwa bidii. Mwili wake ulisema "nakujali", maneno yakanyamaza, na hapo kwenye ukimya ndipo mama yule alipoibiwa. Anayefundisha kwamba maneno ni asilimia 7 anampa mtu kama huyo ruhusa ya kuyaacha. Anawapa ruhusa hiyohiyo daktari asiyeeleza upasuaji, mwenyekiti asiyesoma mapato na matumizi, na mchungaji asiyetaja sadaka ya ujenzi imefikia wapi. Najua wengi wanaofundisha hivyo hawana nia mbaya, walisikia nao kwa mtu. Lakini wanatoza ada, na anayetoza ada anawajibika kusoma anachouza.

Ukialikwa tena, kabla hujalipa mwulize mwezeshaji: hizo asilimia zilipimwa kwa watu gani, wakisema maneno gani? Akikuambia "ni utafiti wa wanasayansi" akaishia hapo, rudi Mbozi. Ada hiyo itatosha kumchapishia kila mwanachama karatasi yake ya makato.