Damu katika kinyesi cha mtoto

SWALI: Mwanangu wa miezi 7 anaharisha tangu juzi, ana homa, na leo nimeona damu na kamasi katika kinyesi chake. Je, nimpe antibiotiki zilizobaki nyumbani?

JIBU: Usimpe, mpeleke kwa daktari leo hii. Kuhara kwingi kwa watoto wachanga husababishwa na virusi, ambavyo antibiotiki haziviui, lakini damu na kamasi pamoja na homa hutufanya tushuku bakteria kama Shigela, Kampilobakta au Salmonela. Daktari anaweza kuagiza kinyesi kipimwe maabara, na akishuku Shigela ataanza antibiotiki bila kusubiri majibu, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto.

Hatari kubwa ni upungufu wa maji mwilini. Kwa hiyo endelea kumnyonyesha na umpe ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi) kidogo kidogo kwa kijiko, na akitapika ngoja dakika 10 kisha uendelee polepole. Zinki, madini yanayosaidia kupunguza kuhara, hutolewa miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Walio chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10. Dawa za kuzuia kuhara, ambazo wengi hukimbilia kuzipendekeza, hazifai kabisa kwa umri huu. Macho yakibonyea, akilegea au akishindwa kunyonya, hiyo ni dharura.