Maswali na Majibu: Kalibu Zisizohama Katika Kutengeneza Sponji

*Mtambo wa kalibu zisizohama una faida gani kuliko ule wa kuzunguka?*

Kwenye mtambo wa kuzunguka, kalibu, yaani vyombo vinavyoipa sponji umbo, hubebwa na jukwaa la duara na kupita zamu kwa zamu mahali pa kumiminia. Kwenye ule wa kalibu zisizohama, kalibu hubaki pale pale. Kinachohama ni kichwa cha kuchanganyia polioli na isosianeti, kemikali mbili zinazofanya sponji, mara nyingi kikishikwa na roboti. Faida ninayoipenda zaidi ni kwamba kila kalibu ina muda wake. Mto mnene wa kiti unaoiva kwa dakika sita haucheleweshi ule mwembamba wa dakika tatu. Kalibu moja ikiharibika, unaifunga na nyingine zinaendelea na kazi. Mabomba ya maji ya moto nayo hayazunguki, hivyo viungo vya kuvuja hupungua.

*Tunatengeneza umbo moja tu, kwa wingi sana. Tubadilishe?*

Hapana. Kwa kazi hiyo jukwaa la kuzunguka linawafaa.

*Sponji hutoka ikiwa nzuri, kisha husinyaa. Tumeongeza kemikali, bado.*

Rudisheni vipimo vya awali. Vitundu vya ndani vimejifunga. Kaboni dioksaidi iliyomo hupenya kuta zake na kutoka upesi kuliko hewa inavyoingia, basi hewa ya nje huibana sponji. Ipitisheni katikati ya roli za kuibana ikiwa bado ya moto, mara tu itokapo kwenye kalibu, ili kuta hizo zipasuke. Ikishapoa mmechelewa.

*Upande mmoja ngozi ina mashimo. Joto la maji liko sawa.*

Pima kalibu yenyewe, pembe kwa pembe, usiamini kipimo cha tangi. Sponji nyingi za aina hii hutaka kalibu yenye nyuzi 50 hadi 70 hivi. Kagua pia matundu ya kupumulia: nta ya kuzuia sponji isinate kwenye kalibu huyaziba kidogo kidogo.

*Harufu si kali. Barakoa ya kitambaa inatosha?*

Haitoshi hata kidogo. Isosianeti huweza kuleta pumu, na mwili ukishakuwa mwepesi kudhurika nayo, kiasi kidogo mno huamsha shambulio. Pua si kipimo, maana mvuke unaweza kudhuru kabla haujanukia. Tena kwenye mtambo huu sehemu ya kumiminia huhamahama, kwa hiyo kila kalibu inahitaji kinyonya hewa chake. Umoja wa Ulaya umelazimisha mafunzo kwa wanaoshika isosianeti tangu Agosti 2023. Dai mafunzo hayo kwa wakubwa wako kabla hujarudi zamu.