Muuzaji Ameuchuna? Tazama Kalenda Kabla ya Kumtumia Ujumbe wa Kumi

Umenunua kitu mtandaoni. Kabla hujalipa, muuzaji alikuwa anajibu ndani ya dakika moja. Pesa ikishaingia, anauchuna. Siku ya tatu mnunuzi anaanza kuandika "mbona kimya?" asubuhi, mchana na jioni, na huku akingoja jibu, muda wa kudai unakatika bila yeye kuutazama. Hapo ndipo pesa za wanunuzi wengi zinapopotelea. Muuzaji mkimya au mjeuri anaweza kubanwa, tena kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Dai lililochelewa kwa siku moja halina mtetezi.

Kwa hiyo jua kwanza una siku ngapi. Kwenye soko la mtandaoni la eBay ni siku 30 tangu mzigo ufike, au tangu siku ya mwisho uliyoahidiwa kuwa utafika. Dhamana ya A-to-z ya Amazon, inayohusu bidhaa za wauzaji wengine wanaouza humo, inakupa siku 90 baada ya tarehe ya mwisho ya makadirio ya kufika. PayPal, huduma ya kulipia mtandaoni, ni siku 180 tangu ulipe, lakini ina mtego wa pili: ukishafungua mgogoro (malalamiko kati yako na muuzaji) una siku 20 za kuupandisha kuwa dai kamili, ambalo PayPal yenyewe ndiyo huliamua. Zikipita, mgogoro unajifunga wenyewe na haufunguki tena. Kama ulilipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, muda wa kupinga malipo, yaani kuiomba benki ikurudishie pesa, kwa kawaida ni siku 120, ila benki yako inaweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo wapigie mapema uwaulize. Ziandike tarehe hizi kwenye kalenda ya simu na uweke kengele siku 5 kabla ya kila moja.

Kuna masoko yanayoshikilia pesa mpaka ubonyeze kitufe cha kuthibitisha kwamba umepokea. Kitufe hicho usikiguse kabla hujafungua, hujawasha na hujajaribu, hata muuzaji akibembeleza vipi. Ukikibonyeza pesa inaachiwa, na kuanzia hapo unaomba hisani.

Sasa tuje kwenye ukimya wenyewe. Si kila anayenyamaza ni tapeli. Tofauti ya saa kati ya nchi na nchi, sikukuu, na mwisho wa wiki vinaweza kula siku 2 au 3. Angalia pia kama uliandika kupitia ukurasa wa oda yenyewe au ulijibu tu ile barua pepe ya otomatiki ambayo hakuna mtu anayeisoma, na chungulia kwenye barua taka. Baada ya hapo fungua namba ya ufuatiliaji wa mzigo na uisome kwa makini, kwa maana mara nyingi ndiyo inayosema ukweli ambao muuzaji hasemi.

Maneno "taarifa za mzigo zimepokelewa" au "lebo imetengenezwa" hayana maana kwamba mzigo umetumwa. Maana yake ni kwamba mtu amechapisha lebo. Mpaka ionekane alama ya kupokelewa kwenye kituo cha msafirishaji, kitu bado kiko kwa muuzaji, au hakipo kabisa. Lebo ikikaa hivyo siku 5 za kazi bila kusogea, mhesabu muuzaji kuwa hajatuma, hata kama oda yako imeandikwa "imetumwa" kwa herufi kubwa. Muuzaji anaweza kubonyeza "imetumwa" akiwa amekaa tu kitini.

Kuna na hila mbaya zaidi: namba ya ufuatiliaji inaonyesha mzigo umefikishwa kwenye mji wako, wewe hujaona kitu. Hapo inawezekana muuzaji ametumia namba ya kifurushi kingine kilichopelekwa mji huohuo, ili mfumo uamini kwamba umepokea. Usibishane naye. Mwendee msafirishaji na uulize mambo matatu: mzigo ulipelekwa anwani ipi, ulikuwa na uzito gani, na nani aliupokea. Huenda asikutajie anwani ya mtu mwingine, lakini mwombe athibitishe kwa maandishi kwamba anwani iliyo kwenye namba hiyo si yako. Sentensi hiyo moja kutoka kwa msafirishaji ina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Ujumbe wako una wasomaji wawili

Muuzaji ndiye msomaji wa kwanza. Wa pili ni mfanyakazi wa soko atakayefungua mazungumzo yenu siku dai litakapomfikia, akiwa na foleni ndefu ya madai mengine mbele yake. Mwandikie huyo wa pili. Hakujui, hajui ulichonunua ni kwa ajili ya nani, na hana muda wa kuchambua jumbe 14 za hasira ili aipate ile moja yenye hoja. Ndiyo maana kumwaga jumbe mfululizo kunakuumiza wewe mwenyewe: ushahidi wako unazikwa chini ya kelele zako.

Ujumbe mzuri unakaa ndani ya sentensi 5 hivi. Tazama huu:

"Habari. Oda yangu niliilipia tarehe 3, na imefika leo tarehe 11. Tangazo linasema betri ni mpya; iliyofika imevimba na kifuniko cha nyuma kimeachia, tazama picha 3 nilizoambatisha. Naomba nirudishiwe pesa yote pamoja na gharama ya kurudisha mzigo. Tafadhali nijibu hapahapa kufikia tarehe 13 saa 12 jioni. Baada ya hapo nitafungua dai."

Ombi ni moja tu. Ukiandika "nirudishie pesa au nitumie nyingine", muuzaji anayepiga danadana atachagua "nyingine", kisha utangoja wiki 3 za mzigo ambao hautumwi huku siku zako za kudai zikiisha. Tarehe imetajwa kwa namba, maana "haraka iwezekanavyo" haina mwisho. Maneno "labda" na "nadhani" hayamo, kwa sababu muuzaji atayanukuu. Na hakuna tusi. Saa 48 zinatosha kwa jibu la kwanza. Amazon nayo humpa muuzaji saa 48 kabla ya mnunuzi kuweza kudai, na eBay humpa siku 3 za kazi tangu ufungue ombi, ndipo unaweza kuwaita waingilie kati. Muda ukipita, tuma ukumbusho mmoja tu kama unataka kuwa muungwana, kisha fungua dai siku hiyohiyo.

Akikujibu kwa jeuri

Kama bado hujalipa, ondoka. Mtu anayekufokea wakati anaitaka pesa yako hatakuwa mpole akishaipata, na hakuna punguzo la bei linalofidia hilo.

Kama umeshalipa, piga picha ya skrini ya maneno yake yakiwa na tarehe na saa, kisha weka simu chini. Usijibu ndani ya saa ileile. Jeuri mara nyingi ni mtego, hata pale muuzaji asipokusudia: ukimrudishia tusi, kesi inageuka kuwa ya watu wawili waliotukanana, na mfanyakazi wa soko atashindwa kuona nani alikosewa. Ukirudi, jibu kile tu kinachohusu bidhaa. Chukulia ameandika: "Umeiharibu mwenyewe, jifunze kusoma kabla ya kununua, usinisumbue." Ndani ya maneno hayo kuna dai moja tu, kwamba wewe ndiye uliyeharibu. Jibu lako: "Video niliyoambatisha inaonyesha kifurushi kikifunguliwa kikiwa na lebo yako na gundi haijaguswa. Kasoro inaonekana kwenye sekunde ya 40. Ombi langu la tarehe 11 liko palepale." Mengine yote yaache yalivyo. Yanamharibia yeye.

Tusi liripoti peke yake, kupitia kitufe cha kuripoti mtumiaji au ujumbe. Usilichanganye na dai la pesa. Anayeamua juu ya pesa anataka kujua kama bidhaa ilifika na kama inafanana na tangazo, basi.

Na hili ni la kushika sana: usimtishie muuzaji kwa nyota. Kuandika "nirudishie pesa la sivyo nakupa nyota moja" ni kosa kwa masharti ya eBay, na masoko mengine mengi hayalipendi vilevile. Mnunuzi mwenye haki kabisa anaweza kujikuta ndiye anayeonywa. Lakini muuzaji akikuambia atarudisha pesa ukifuta maoni yako, hilo nalo ni kosa lake. Hifadhi na uripoti.

Video ya kufungua kifurushi ndiyo inayobadilisha mambo kwa vitu vya umeme na vya gharama. Irekodi mfululizo bila kukata: anza na pande zote 6 za boksi na lebo ikisomeka, liweke kwenye mizani kama unayo, kata gundi mbele ya kamera, toa kitu, onyesha namba ya bidhaa kwa karibu, washa. Dakika 3 zinatosha. Uzito una maana yake: kama lebo inasema kilo 2.1 na mizani yako inasema gramu 300, umeshapata ushahidi kabla hata ya kufungua. Siku ya kununua piga pia picha za skrini za tangazo zima, maelezo na picha zake, kwa kuwa tangazo linaweza kuhaririwa baadaye.

Baada ya dai kufunguliwa, muuzaji aliyekuwa bubu hupata sauti ghafla, na ndipo maneno matamu yanapoanza. "Funga dai kwanza, nitakutumia pesa leo." Usifunge, kwenye PayPal mgogoro ukishaufunga haufunguki tena, na muuzaji mwaminifu ana kitufe cha kurudisha pesa ndani ya dai lilelile. "Tuhamie WhatsApp tuelewane." Jibu ndani ya mfumo wa soko, maana huko nje mwamuzi haoni kitu. "Subiri wiki mbili, mzigo umekwama." Huko ni kupigwa kalenda, kubali kungoja ikiwa tu tarehe hiyo iko ndani ya siku zako, tena kwa maandishi. Atakuomba pia ughairi oda kwa sababu ya "mnunuzi amebadili mawazo". Hukubadili mawazo, kwa hiyo usibonyeze hivyo. Akikupa sehemu ya pesa, asilimia 10, kisha 20, soma kama kuipokea kunafunga dai zima. Na ukirudisha mzigo, upeleke kwenye anwani iliyotolewa na soko pekee, ukiwa na namba ya ufuatiliaji.

Kosa lingine ni kuchagua sababu isiyo sahihi. "Haukufika" na "haufanani na maelezo" hupimwa kwa ushahidi tofauti. Boksi likifika na tofali ndani, umepokea mzigo. Ukidai haukufika, muuzaji ataonyesha alama ya kufikishwa na utashindwa kabla hujaanza. Usifungue pia milango yote kwa pamoja. Ukipinga malipo benki wakati dai la PayPal bado lina uhai, PayPal huufunga mgogoro wake. Anza na soko, kisha huduma ya malipo, mwisho benki.

Aliyelipa kwa njia ya "marafiki na familia" ya PayPal hana ulinzi wa mnunuzi, na aliyetuma moja kwa moja kwenye simu ya muuzaji nje ya soko amebakiwa na upenyo mdogo sana: piga simu kwa mtoa huduma dakika hiyohiyo, kabla pesa haijatolewa upande wa pili.

Maoni yaandike pesa ikisharudi, lakini usiyaache yapitwe. eBay inakupa siku 60. Andika kilichotokea kwa tarehe: "Niliandika tarehe 11 na 13, sikujibiwa. Nilifungua dai tarehe 14, pesa ilirudi tarehe 20. Betri ilikuwa imevimba, tangazo lilisema mpya." Mnunuzi anayefuata atakayepitia nyota 1 mpaka 3 za miezi ya karibuni anahitaji hayo hasa, pamoja na namna muuzaji atakavyoyajibu hapo chini.