Lile jahazi la raundabauti lilifika China kweli? Maswali yenu kuhusu vyombo vya kushonwa

Wasomaji wetu, mwezi huu barua zimekuja na jambo moja tu, vyombo vya kale vya baharini vinavyojengwa upya na kuwekwa mjini watu wavione. Kuna waliofurahi, kuna waliokasirika, na kuna mtoto wa miaka tisa aliyetuuliza swali zuri kuliko watu wazima wote. Tuanze naye.

SWALI: Assalaam alaykum ndugu mhariri. Mimi naishi Muscat na wanangu watatu, asli yetu Unguja. Kila Ijumaa tukienda kutembea upande wa Al Bustan tunapita raundabauti ina jahazi kubwa katikati, mwanangu wa kati ana miaka tisa akaniuliza mama hili jahazi la kweli au pambo tu kama yale mabirika ya kahawa na vyetezo vya barabarani? Nikamwambia pambo. Baba yake akadakia, lile lilikwenda China. Basi siku mbili nyumba haijatulia. Nani mkweli? (Mama watoto, Muscat)

JIBU: Wa alaykumu ssalaam dada yangu. Baba watoto kasema kweli, na nakuomba huyo mtoto umwambie leo leo kabla hajalala. Jahazi lile linaitwa Sohar. Lilitoka Muscat tarehe 23 Novemba 1980 na likaingia Guangzhou, mji ambao Wazungu zamani wakiuita Canton, mwezi Julai 1981. Miezi saba na nusu hiyo, kwa upepo na matanga, injini halina.

Mwenye wazo alikuwa Tim Severin, Mwingereza mmoja mwandishi na msafiri, alitaka kujua hizi hadithi za Sindbadi zimebeba ukweli kiasi gani, yaani mabaharia wa Oman wa miaka elfu moja na zaidi nyuma kweli waliweza kufika China na chombo cha mbao na kamba? Akaona kusoma peke yake hakutoshi, lazima chombo kijengwe kiingizwe majini, kikizama tujue kikifika tujue. Sultan Qaboos wa Oman akagharamia. Jina likatolewa kwa mji wa Sohar kwa sababu wenyewe husema Sindbadi kazaliwa huko, ila kujengwa lilijengwa Sur, mji wa bandari huko huko Oman, Sur ile ile waliyokuwa wakitoka Wasuri kuja kwetu na pepo za kaskazi wakitia nanga Mombasa na Unguja, kwa hiyo dada hilo jahazi unalolipita Ijumaa lina ujamaa na wewe.

Lina urefu wa kama futi 80, mbao zake ni za mti uitwao aini kutoka pwani ya Malabar, India, ni jamaa yake mfenesi huu huu wetu. Msumari hakuna hata mmoja. Ubao umeshonwa kwa ubao kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na inasemwa zilitumika kama kilomita 640 za kamba, hebu fikiria hapo, kamba ya kutoka Dar mpaka Arusha unaifikia! Na kazi yote ilikwisha kwa siku 165.

Sasa hapa ndo pananigusa mimi. Mafundi wa Sur walikuwa hodari, mikono yao inajulikana bahari nzima, lakini kufikia 1980 wao walikuwa watu wa misumari, kushona kulishawapita. Ikabidi waletwe mafundi wa kushona kutoka visiwa vya Lakshadweep, visiwa vidogo tu huko baharini magharibi ya India ambako watu walikuwa bado wanashona mashua zao. Yaani mji ulijenga upya sifa yake kwa mikono iliyobaki kisiwani kwa watu maskini ambao hakuna aliyekuwa akiwataja. Mtoto akikuuliza jahazi lile linatukumbusha nini usimwambie Sindbadi peke yake, mwambie na wale washonaji.

Safari yenyewe haikuwa ya raha. Walipita Lakshadweep, wakashuka Calicut, wakaenda Sri Lanka, kisha kwenye kuvuka kwenda Sumatra foromali kuu, ule mti unaobeba tanga, ikavunjika, upepo ukakata, wakakaa bahari shwari siku baada ya siku mpaka maji ya kunywa wakawa wanakinga ya mvua. Baadae wakapita Singapore na kukimbizana na msimu wa tufani mpaka China. Walipima njia kwa vyombo vya sasa lakini walijaribu pia ile ya wazee, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, unauma fundo kwa meno unaipima nyota ya kaskazini iko juu kiasi gani na hapo unajua umefika latitudo gani, yaani uko mbali kiasi gani na ikweta. Mtengenezeeni mtoto kimoja, kipande cha mbao na uzi tu, ajaribu usiku juu ya dari.

SWALI: Mhariri, mie mwalimu wa sekondari Tanga. Naelewa kamba inafunga, lakini maji je? Chombo kina matundu kila mahali kitaeleaje? Na kwa nini wasitumie misumari, chuma hawakuwa nacho? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, swali lako la pili kwanza. Chuma walikuwa nacho, kimetajwa miaka na miaka. Kulikuwa na hadithi ikizunguka kwamba baharini kuna miamba ya sumaku inayochomoa misumari chombo kikafumuka, hiyo ni hadithi tu. Maelezo ya Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, yana akili zaidi, anasema bahari hii ina mawe mengi, chombo cha misumari kikigonga kinavunjika, cha kamba kinalegea kidogo na kupona. Mtu wa pwani haelezwi mara mbili hapo, anajua chombo kikipanda mwamba maji yakitoka kinavyolia. Na tena mnazi upo mlangoni, chuma hununuliwa.

Kuhusu maji: mbao zinachongwa ukingo kwa ukingo mpaka zikae sawa, zinatobolewa kwa keekee tundu kwa tundu, halafu kwenye maungio kunawekwa matita ya makumbi yaliyosukwa na kamba inapita juu yake inavutwa na watu wawili, mmoja ndani mmoja nje, wanavuta mpaka ubao unalia. Tundu inazibwa. Kisha chombo chote chini kinapakwa deheni, ile chokaa na mafuta ya mnyama, kuzuia maji na kuzuia yule mdudu anayekula mbao za vyombo, na mbao za juu na kamba zinapigwa mafuta mara kwa mara, kwetu sifa ya papa, yaani mafuta yake, ile harufu ukishaijua huisahau. Kikiingia majini mara ya kwanza kinavuja, hiyo ni kawaida, kinaachwa kinywe maji mbao zivimbe na makumbi yavimbe, baada ya hapo kinajifunga chenyewe. Hapo ndo akili yenyewe ilipo mwalimu, maji yanayotaka kuingia ndo yanayoziba.

Na kamba si kamba yoyote. Marehemu bibi yangu alikuwa akifukia makumbi pwani, anayawekea mawe juu, anayaacha kwenye tope la chumvi miezi, akiyafukua yananuka mtaa mzima ila uzi wake ukishapondwa na kukauka ni mweupe na mgumu, kuukata kwa mkono huwezi. Nilikuwa naona ni kazi ya kupatia hela ya sukari. Miaka mingi baadae nikasoma namna jahazi la Sohar lilivyojengwa, nikakuta kwamba usumba uliovundikwa kwenye maji ya chumvi ndo waliokuwa wakiutafuta kwa udi na uvumba. Nilinyamaza muda. Kwa hiyo wapeleke wanafunzi wako wakaone makumbi yanavyofukuliwa kabla hujawafundisha neno jingine lolote la historia ya bahari.

SWALI: Kwa heshima zote mhariri, hizi mimi naona ni pesa za watu zimetupwa. Meli feki haibebi mzigo haivui samaki, mji unapata nini? Si bora hela ikarabati gati? (Baharia mstaafu, Mombasa)

JIBU: Mzee wangu, nimeisoma barua yako mara mbili kwa kuwa umeshika usukani maisha yako yote na mimi sijashika. Lakini neno feki naomba tuliangalie.

Kule Sweden kuna mji wa Gothenburg. Tarehe 12 Septemba 1745 meli yao Götheborg ilikuwa inarudi kutoka China, miezi 30 iko njiani, imejaa chai na hariri na vyombo vya kaure, watu wako ufukweni wanaiona, ikapanda mwamba ikazama mlangoni mwa bandari. Umeona hayo, nyumbani kabisa. Walipotaka kuijenga upya ramani za asili hazikuwepo, wakafuata yaliyopatikana chini ya maji na meli nyingine za zama zile, ikabidi mafundi wajifunze upya kuchonga mwaloni na kusuka kamba za meli. Ilishushwa majini 2003, Oktoba 2005 ikang'oa nanga kwenda China na ikafika Guangzhou, bandari ile ile lilikofika jahazi la Sohar, ikarudi kwao 2007. Ina injini ndani kwa sababu ya sheria za usalama, mimi hiyo sioni kosa. Faida kwa mji? Sasa wapo vijana wanaojua kupanda mlingoti na kukunja tanga kwa mkono, elimu ambayo ilikuwa imebaki kwenye picha.

Pale Amsterdam nje ya makumbusho yao ya bahari iko nakala ya meli iitwayo Amsterdam, iliyozama safari yake ya kwanza kabisa mwaka 1749 pwani ya Uingereza. Ile wamejenga watu wa kujitolea na ni nzuri kuitazama, watoto wanapanda na kushuka siku nzima, ila imefungwa gatini. Mimi nikipewa kuchagua nachagua iliyosafiri, hata kama baadae itaishia kwenye kipilefti, kwa sababu chombo kikishaingia maji makubwa kinakufundisha ulichokosea na aliyekijenga anarudi fundi mwingine.

Na kuna lingine, Oman walirudia tena. Mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ilipatikana meli ya karne ya 9, imeshonwa, ndani mna vyombo vya udongo na kaure vya China kama 60,000. Huo ndo ushahidi wenyewe mzee, hadithi zikapata mbao. Wakajenga nakala yake kwenye ufukwe wa Qantab, jirani na Muscat, wakaiita Jewel of Muscat yaani kito cha Muscat, ikaondoka Februari 2010 na ikafika Singapore Julai, zawadi ya Sultan kwa nchi ile. Kati ya Sohar na hii miaka 30 imepita, na safari ya pili hawakuanza sifuri.

Gati ikarabatiwe mzee wangu, hilo tuko pamoja kabisa. Sisemi hivi vishindane.

SWALI: Mimi kijana wa Malindi, Unguja. Wenzetu wana Sohar wana nini, sisi tuna nini? Au sisi ni wa kuangalia tu? (Kijana, Unguja)

JIBU: Mwanangu, sisi tuna mtepe, na ukisikia mtu anasema kushona vyombo kumetoka Arabuni ukaja kwetu mwambie aende polepole. Mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani wa karne ya 1 unautaja mji wa biashara wa pwani hii unaitwa Rapta, na jina lenyewe limetokana na vyombo vyake vya kushonwa. Karne ya 1!

Mtepe ulikuwa chombo cha watu wa Pate, Faza na Siyu, kule visiwa vya Lamu. Tanga lake halikuwa la pembetatu kama la jahazi, lilikuwa la mraba, mkeka wa miaa uliofumwa, na omo yake, yaani sehemu ya mbele, imenyanyuka kama shingo ya ngamia na macho yamechorwa pembeni. Kazi yake kubwa kubeba boriti za mikoko kuja kusini. Hizo boriti ziko juu ya kichwa chako sasa hivi kama unakaa nyumba ya zamani pale Malindi, upana wa vile vyumba unafuata urefu wa boriti, na boriti zimeletwa na vyombo vya kamba. Mitepe ilikwisha miaka ya 1930.

Mwaka 2003 mafundi wakajenga mmoja hapo hapo Unguja, ukaitwa Shungwaya, jina la nchi ya asili wanayoisimulia Wabajuni, na ukawekwa uani Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho la Mji Mkongwe. Wengi wetu tulisimama pale mbele yake tukaugusa kabla sehemu ya jengo haijaporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Nilisimama chini ya omo nikatazama zile shono, nikamkumbuka bibi na makumbi yake, machozi yakanitoka mbele za watu na sikuona haya.

Lakini mtepe mmoja wa mwaka 2003 hautoshi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 akivuta kamba ile, leo ana zaidi ya 40. Mimi ninachotaka ni mtepe mwingine ujengwe nje, ufukweni, watoto wa shule wapite wauone ukikua ubao kwa ubao, usumba ununuliwe kwa kina mama wa Jambiani na Paje kwa bei ya haki, tanga lifumwe Pemba au Lamu, halafu uondoke na kusi uende kaskazini mpaka Pate ulikotoka. Ukivuja uvuje, tutajua ulipovuja.

Wewe una mikono na uko mtaa wa bandari. Nenda pale majahazi yanapopakwa deheni, mwamkie fundi mkubwa kuliko wote, shikamoo yako ya adabu, umuombe akufundishe kushika keekee. Na ninyi wengine wenye wazee Lamu, Faza, Kizimkazi, popote, wakalisheni muwaulize majina ya kila kamba na kila ubao wa mtepe au dau la mtepe, muandike vile vile wanavyotamka hata kama hamyaelewi, mtutumie. Toleo lijalo tutayachapa yote.